Mkono wa Drafti kwenye Meza ya Chesi

Mimi ni fundi wa kushona, na kibanda changu kiko nyuma ya soko la mji wa Wote, upande ule wa wauza nyanya. Nashona unifomu za shule, na mwezi wa Januari sina nafasi hata ya kujikuna. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nilikuwa na muda wa kuchezea. Nilikuwa na Jumamosi alasiri tu, kuanzia saa nane nikishafunika cherehani hadi saa kumi na mbili, na watoto wangu walijua kwamba njaa ikiwauma saa hizo wamtafute baba yao.

Drafti niliijua kabla sijajua kusoma. Nilikuwa msichana peke yangu katikati ya kaka wanne. Tulichora miraba kwa mkaa kwenye kipande cha katoni, tukapanga vifuniko vya soda, vya huyu vikilala kifudifudi na vya yule vikitazama juu. Katika drafti yetu kula ni lazima. Ukiwa na kifuniko cha kula na usikile, mwenzako anakiinua chako na kukitia mfukoni, na huna wa kumlalamikia. Kaka zangu walinifundisha sheria hiyo jinsi kaka wanavyofundisha: kila niliposahau kula, kifuniko kilienda na kofi la kisogoni likaja. Nilipofika darasa la nne mkono wangu ulikuwa unakula kabla jicho halijamaliza kuangalia.

Chesi ilikuja Wote, au niseme ilinifikia mimi, na mwalimu mmoja wa hesabu. Alileta suruali zake mbili nizipunguze, na kwapani alikuwa na ubao wa plastiki uliokunjwa. Siku nilipompelekea suruali nilimkuta kwenye hoteli moja ndogo karibu na stendi, yeye na wanaume kama sita, wameinamia zile sanamu ndogo. Nikasimama kidogo. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, hebu nionyeshe hawa wanatembeaje." Wanaume walicheka. Miezi miwili baadaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anacheka, kwa sababu nilikuwa nimewashinda wote, na mwalimu mwenyewe nikiwa nimemshinda mara nyingi zaidi.

Siri yangu haikuwa siri. Nilikula. Askari akisogea karibu, nimemla. Ukikubali kubadilishana farasi wako na wangu, nimemla kabla hujameza mate. Mtu ukimla watu wake watatu mfululizo anasahau mpango aliokuja nao. Anaanza kujitetea, anatetemeka, anakosea, na hapo unamla tena. Nilicheza haraka, nikipiga sanamu chini kwa kishindo kama vifuniko vya soda. Mwalimu, ambaye pia alikuwa kapteni wetu, alitundika ukutani kipande cha katoni chenye orodha ya wachezaji, na mimi nikakaa juu kabisa: meza ya kwanza.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Kile kiti cha meza ya kwanza nilikipenda kuliko mchezo wenyewe. Katika hoteli ile mwanamke aliingia kupika, kubeba maji au kumtafuta mume. Mimi niliingia, wanaume wakanyanyua magoti nipite, nikakaa. Mwenye bucha ya pembeni, mtu wa kilo zake na maneno yake, aliyekuwa wa pili kwenye orodha, alikuwa akiniuliza maoni yangu kuhusu mbinu zake. Kichwa kilivimba, nakiri.

Kila Agosti tulikuwa na mashindano na watu wa Kwa Vonza, wanne kwa wanne, mwaka mmoja kwetu na mwaka mwingine kwao. Mwaka wangu wa kwanza walikuja Wote. Kwenye meza ya kwanza wakamweka mama mmoja mfanyabiashara wa ndengu, mtu wa makamo, leso kiunoni, simu mbili juu ya meza zisizoacha kulia. Nilimwonea huruma. Nikala askari wake wa kwanza, nikala wa pili, akaniachia askofu nikamla pia. Alikuwa akijibu simu na kuuliza bei ya magunia. Kisha akaikata simu, akasogeza ngome yake, na mfalme wangu akawa hana pa kwenda. Chai yangu ilikuwa bado moto.

Tukarudia, kwa kuwa kila meza ilicheza mara mbili. Nikala zaidi, nikafa haraka zaidi.

Alipokuwa akikusanya sanamu aliniangalia kwa upole ulioniudhi kuliko kushindwa kwenyewe. "Fundi, wewe ni mtu wa drafti, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Mkono. Nikikuwekea kitu, mkono unakuja wenyewe. Mwaitu, mama, hapa hakuna mtu amekulazimisha kukula."

Tulishindwa meza zote isipokuwa moja. Watu wa Kwa Vonza walienda zao wakiimba, na mimi nilirudi kibandani nikashona kola ya shati mara tatu nikiifumua. Hasira yangu haikuwa ya kushindwa. Nilikuwa na hasira kwa sababu mama yule alisema kweli. Miaka yote ile nilidhani nacheza, kumbe ulikuwa ni mkono tu unaogopa kofi.

Nikaamua kuufundisha upya. Sheria niliyojiwekea ilikuwa rahisi: sitakula kitu chochote mpaka nijieleze kwa maneno, kimoyomoyo, kwa nini nakula na mwenzangu atafanya nini nikishakula. Nikishindwa kujieleza, siruhusiwi. Na ili mkono usinitangulie, niliukalia. Kweli kabisa, niliweka kiganja chini ya paja na kukaa juu yake, na nilikitoa tu nilipokuwa na jibu.

Nilidhani itanichukua wiki mbili. Wiki mbili za kwanza nilishindwa na kila mtu hotelini.

Ubaya wa kuacha ulichozoea ni kwamba unakiacha kabla cha kushika mahali pake hakijafika. Zamani sikuhitaji kufikiri. Sasa nilifikiri, tena sana, lakini nilikuwa sijui kufikiri huko kunafanywaje. Niliona hatari mahali pasipo na hatari, na palipo na hatari sikuona kitu. Waliokuwa wakitetemeka mbele yangu walikuja wamejaa furaha, wakagombania kukaa nami. Hata mume wangu, fundi wa pampu za visima ambaye alijua sanamu zinavyotembea kwa kuniangalia tu, alinishinda Jumapili moja baada ya kanisa. Hakufurahi. Alimshika mfalme wangu mkononi akamgeuzageuza.

"Mama watoto, hata mimi?" akasema. "Basi hapo kuna shida. Si urudi tu vile ulikuwa?"

"Sirudi."

"Aiya. Lakini ulikuwa unashinda."

Ni kweli nilikuwa nashinda.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya malkia. Nilikuwa nacheza na mwenye bucha, na yeye, kwa sababu alikuwa akigeuka kumfokea kijana wake dukani, akaweka malkia wake mahali ambapo askofu wangu angemchukua bila jasho. Malkia mzima, wa bure. Nikakalia mkono. Nikajiuliza: kwa nini amemweka hapo? Atafanya nini nikimla? Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikaona mitego saba, ambayo hata mmoja haukuwepo. Mwishowe nikasogeza askari wa pembeni na kumwacha malkia wa watu amekaa.

Mwenye bucha aliangalia ubao. Akaniangalia. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Fundi amekataa nyama ya bure! Mimi nauza nyama miaka yote, sijawahi kuona!" Kufikia jioni wauza nyanya walikuwa nayo hadithi hiyo, na wao hata hawakujua chesi ni nini. Kwa wiki nzima mtu akipita kibandani aliniuliza kama nimekula.

Nilikuwa na daftari la vipimo, lile la viuno na mabega ya watoto wa watu. Nikaanza kuandika humo, nyuma, kila nilivyoshindwa. Si mchezo wote, sikujua kuandika hivyo. Mstari mmoja tu. "Nimemwogopa malkia bila sababu." "Nilikula farasi, nikaacha mlango wazi." "Nilifikiri vizuri, nikasahau kuangalia kona." Ukurasa ulijaa, ukafuata mwingine. Kwenye katoni ya ukutani nilishuka hadi wa pili, wa tatu, wa nne, na siku moja nikaingia nikakuta sipo. Mwalimu alinivuta pembeni. Alikuwa na adabu, ndiyo maana iliuma.

"Mama, nilikuwa nafikiria wewe utusaidie kuandika matokeo. Kuna mtu anahitajika kuandika, na wewe una mwandiko mzuri."

Moto uliniwaka mwilini. Nilijua nikikubali kalamu ile, sitakaa tena kwenye ubao; nitakuwa mama wa kuandika, na baada ya hapo mama wa kumimina chai. "Mtafute mwingine wa mwandiko," nikamwambia. "Mimi nimekuja kucheza." Nikamvuta mtu wa kwanza niliyemwona, nikacheza, nikashindwa.

Niseme ukweli: nilijaribiwa. Jumamosi moja mwezi wa Mei nilichoka kudharauliwa. Nikautoa mkono chini ya paja nikacheza kama zamani. Nilimla mwenye bucha askari, farasi, ngome, pa, pa, pa, na kabla hajakaa vizuri mfalme wake alikuwa amefungwa. Hoteli nzima ilipiga makofi. "Fundi amerudi!" Mwalimu alikuwa tayari anatafuta kalamu anirudishe kwenye katoni. Na mimi nikiwa katikati ya makofi yale niliangalia ubao, nikaona kitu ambacho sijawahi kuona kabla: sehemu nne ambapo mwenye bucha angeweza kuniua. Nne! Nilizipita zote nikikimbia, na nikapona kwa kuwa yeye naye alikuwa hajui. Mama wa ndengu angetumia ya kwanza.

Sikufurahia ushindi ule. Lakini nilipokuwa nikienda nyumbani nilielewa kwamba, hata kama nilikuwa nashindwa, macho yangu yalikuwa yameshabadilika. Mwaka uliotangulia ningeona makofi tu. Jumatatu nikaandika daftarini: "Nimeshinda vibaya." Jumamosi iliyofuata nikaukalia mkono tena, na watu wakapiga kelele za kusikitika.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika polepole. Mwezi wa Juni majibu yalianza kuja haraka kidogo. Nilitoka sare na mwalimu. Nikamshinda mmoja wa wale wa chini kwenye orodha, bila makofi ya mtu. Nilishindwa bado, lakini nilichelewa kushindwa, na mara nyingi nilijua kosa lilikuwa wapi kabla mwenzangu hajaliona. Hayo hayaonekani kwenye katoni ya ukutani. Kwenye katoni, mimi nilikuwa mtu aliyeshindwa.

Wiki moja kabla ya kwenda Kwa Vonza mwalimu akatangaza timu. Meza ya kwanza: mimi. Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamwangalia mwenye bucha, aliyekuwa bora wetu wakati ule, nikaona anaangalia chini. Ndipo nikaelewa. Mama wa ndengu angekuwa kwenye meza yao ya kwanza, na hakuna wa kumweza. Kwa hiyo walitafuta mtu wa kumpa. Mwenye bucha angeshuka meza ya pili akutane na mtu mwepesi, mwalimu angekaa ya nne, wapate pointi zao huko chini, na mimi niwe nimetolewa kafara.

"Mnanitoa niliwe," nikasema.

"Mama, ni hesabu tu," mwalimu akajibu.

Ningeweza kukataa. Nilienda kibandani nikakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Halafu nikawaza kwamba hata hivyo kiti walichonipa ni kile cha mbele ya mama wa ndengu, na kwa miezi kumi na moja sikuwa nimetaka kiti kingine. Sababu yao ni yao. Nikakubali.

Tulichezea ukumbi wa kanisa pale Kwa Vonza, mara moja tu kwa kila meza safari hii. Mchungaji aliomba kwanza, akakumbusha watu kwamba hakuna kubeti ndani ya nyumba ya Bwana, akawabariki wachezaji pamoja na maaskofu na farasi wao, akasema amina. Mama wa ndengu alinisalimia kwa mikono miwili na kuniuliza habari za watoto. Simu zake alizizima. Hilo nililiona, na sijui kwa nini lilinipa nguvu.

Meza nyingine zilimalizika mapema. Mwenye bucha alishinda, wa tatu wetu akashindwa, mwalimu akatoka sare. Pande zote mbili sawasawa. Hesabu yao nzuri ilikuwa imeishia kwangu, na wote wakaja kusimama nyuma ya kiti changu. Nilimsikia mwenye bucha akihema.

Hadi hapo nilikuwa nimecheza kimya. Mama yule alikuwa ameniwekea askari mara mbili, na mara zote mbili nilijiuliza, nikajijibu, nikawaacha. Mara ya pili aliinua nyusi. Kisha akafanya lake kubwa. Akamchukua farasi akamweka mbele ya malkia wangu, hana ulinzi, hana mtu, yuko peke yake kama mbuzi aliyesahauliwa sokoni.

Nyuma yangu mtu alimeza mate. Mkono wangu ulitoka chini ya paja. Nasema ulitoka, kwa sababu mimi sikuutoa. Ulikuwa juu ya ubao, vidole vimefunguka, na sheria tulizocheza nazo zilisema ukigusa umecheza. Nikauangalia. Nikaurudisha, safari hii juu ya goti tu, ukakaa.

Kwa nini nile? Kwa sababu yuko bure. Atafanya nini nikila? Na hapo nikaona, wazi, bila kuogopa. Malkia wangu ndiye aliyekuwa analinda mstari wa nyuma, na mfalme wangu alikuwa amejificha nyuma ya askari watatu ambao hawajawahi kusogea. Malkia akienda kumla farasi, ngome ya mama itashuka moja kwa moja hadi mstari ule, na mfalme hatakuwa na hata kidirisha cha kutolea kichwa. Ningekula na kufa kwa pumzi moja.

Nikamsogeza askari wa pembeni wa mfalme hatua moja. Basi. Kitu kidogo hivyo. Mfalme akapata mahali pa kutokea, na malkia wangu akawa bado anamtazama farasi, ambaye sasa alikuwa wa bure kwelikweli.

"Fundi, farasi! Farasi huyo!" mwenye bucha akanong'ona, na mchungaji akamkanya.

Mama wa ndengu alivua leso kiunoni akaifunga upya. Ilibidi atumie zamu yake kumwondoa farasi, na zamu ile moja ndiyo niliyoitaka: ngome yangu ikaingia njia ya katikati iliyokuwa wazi. Kuanzia hapo nilimbana. Sikuwa na haraka. Kila alipopumua nilimfungia mlango mwingine. Yule farasi alikimbilia kona ya ubao akakosa pa kurudi, na nilipokwisha kuhakikisha kwamba najua kwa nini, na najua kitakachofuata, na kitakachofuata hicho pia, ndipo nikamla.

Wakafuata askari wake wawili. Kisha akamlaza mfalme wake ubavu, yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaninyooshea mkono.

Nilipiga ukelele ndani ya kanisa la watu. Sikujizuia wala sikutaka kujizuia. Mume wangu, aliyekuwa ameketi mlangoni akijifanya hana habari, alikuja mbio akadhani nimeumia. Nilikuwa nimefurahi tu. Timu ya Wote ilikuwa imeishinda Kwa Vonza kwa mara ya kwanza, na watu wazima walikuwa wanarukaruka kama watoto wa nasari.

"Hukukula," mama wa ndengu akaniambia. Alikuwa anatabasamu, lakini si sana. "Nilikuwa nimekuandalia vizuri."

"Niliona, dada. Asante."

Mwalimu akafika, jasho likimtiririka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, sisi tulijua utaweza! Tulijua kabisa!"

Nilimwangalia. Watu walirudi nyuma hatua moja, maana hasira zangu wanazijua. Lakini siku hiyo sikuwa na hasira, nilikuwa nayo raha tu, na raha ile ilinipa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuwa nayo.

"Hamkujua, mwalimu. Mlinitoa."

Mwenye bucha akawa anasoma mabango ya ukutani.

"Ni kweli," mwalimu akasema mwishowe. "Tulikutoa. Pole, mama."

"Sawa. Basi kuanzia leo anayepanga nani akae meza gani ni mimi."

Sikuuliza kama wanakubali. Agosti iliyofuata, walipokuja Wote, mwenye bucha alinisubiri nje ya kibanda tangu asubuhi, kofia mkononi, kuniuliza nimempanga wapi.